Barua ya wazi: Mzee Majuto apewe daftari lake

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa, Bodi ya Filamu Tanzania, COSOTA wanaosimamia hakimiliki, na Halmashauri ya Jiji la Tanga.

Waheshimiwa, asalaam aleikum, na poleni na majukumu.

Ninawaandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa na banda la kukodisha CD hapa mtaani. Lilikuwa na rafu mbili za mbao, deki moja, televisheni ya chogo, na kaunta buku lenye gamba gumu. Kila CD iliyotoka na kila iliyorudi niliiandika humo: jina la mteja, jina la picha, siku aliyochukua, siku aliyorudisha, na alama ya vema akishalipa. Daftari hilo nililitunza kuliko deki. Deki ikiharibika fundi yupo, lakini daftari likipotea hujui tena CD zako ziko kwa nani.

Mwezi uliopita nilikuwa natoa vitu stoo, nikalikuta chini ya gunia la mkaa. Panya wamekula kona ya juu na kurasa za mwisho zimeanza kuachia, lakini wino unasomeka. Nikakaa hapohapo chini nikaanza kufunua. Kila ukurasa, Majuto, yule mwigizaji wetu wa vichekesho. Wateja wangu hawakuwa wakitaja jina la picha. Walikuja wakasema "nipe Majuto", nami nikaandika "Majuto", halafu pembeni nikaweka neno la kunikumbusha ni ipi kati ya nyingi: Majuto ya mbuzi, Majuto ya posa, Majuto na Sharo. Kuna siku karatasi nzima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ni jina lake tu.

Nilipolifunga lile daftari nilikuwa na swali moja, na swali hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mimi mwenye banda la mabati niliweka kumbukumbu ya Mzee Majuto. Nchi yake imeweka wapi ya kwake?

Kwa vijana ambao hawakumkuta: jina lake la kuzaliwa ni Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, na mwaka 1958, angali mtoto, alikuwa ameshapanda jukwaani. Hebu pigeni hesabu hiyo kidogo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Maana yake mtu huyu alichekesha watu kwa miaka zaidi ya 30 kwa mwili wake na sauti yake, mbele ya macho ya watu waliokuwepo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwenda na waliokuwepo. Halafu zikaja kanda za video, zikaja CD, zikaja DVD, na wakati wenzake wengi wa rika lake walikuwa wameshakaa barazani na bao, yeye akawa ndiyo kwanza anakuwa "King Majuto". Uzeeni ndipo sura yake ilipoingia katika kila nyumba yenye deki, kutoka hapa hadi Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi.

Uchekeshaji wake haukuwa wa haraka. Mwenzake akimaliza kusema, Majuto alinyamaza kwanza. Macho yakatoka, kidevu kikapanda juu, na watu bandani kwangu wakawa wameshaanza kucheka kabla hajatamka neno. Likija neno lenyewe, linakuja kwa lafudhi ya Tanga ambayo hakuwahi kuificha ili aonekane mtu wa mjini zaidi. Aliigiza mzee bahili, mzee mkware, mzee mbishi anayejua kabisa kwamba amekosea ila hatakubali mpaka kiama. Sote tunao wazee hao nyumbani. Alipowekwa na marehemu Sharo Milionea, yule kijana wa suruali za kubana na maringo ya mjini, ukapata ugomvi wa kizazi kimoja na kingine kama unavyousikia kwenye kila uwanja wa nyumba yetu, ila huu ukiisha unaumwa mbavu. Sharo alitutoka kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012, huku kwetu Muheza. Wateja walirudi siku ile kutaka zile walizocheza pamoja. Zipo kwenye daftari, tarehe ile ile.

Kuna mistari mingine humo ambayo inanigusa zaidi. Mwaka 2009 shangazi yangu alifiwa na mumewe akakaa eda. Kila baada ya siku mbili tatu binti yake alikuja bandani jioni kumchukulia CD. Nimeandika: "Shangazi, Majuto." Safu ya malipo nimeiacha tupu miezi minne yote. Binti alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akitazama. Mlango umefungwa, sauti ameishusha mpaka inasikika kwa tabu, na upande wa kanga ameushika mdomoni, kwa sababu aliogopa majirani wasije wakasema mjane anacheka. Alicheka ndani ya kanga kwa miezi minne na siku kumi. Siku alipotoka eda alinitumia sahani ya maandazi na salamu kwamba yule mzee ndiye aliyemshika mkono. Hakuwahi kuonana naye maisha yake yote.

Usiku wa Jumatano, tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane, taarifa ilitufikia kwamba Mzee amefariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Alikuwa na miaka 70. Wakati huo biashara ya CD ilikuwa imeshakufa, banda langu nauza vocha na chaji za simu. Watu walikuja wakasimama tu nje ya banda, wale wateja wa zamani, kama wanaokuja kurudisha kitu. Mmoja akaniuliza kama bado ninayo yoyote. Nilitoa deki kabatini, nikapangusa vumbi, nikaandika "Majuto" daftarini, tukaweka. Ikawa mara ya kwanza mimi kuona watu wazima wanamtazama Majuto na hakuna anayecheka.

Nasema wazi kwamba serikali haikumtupa. Mwaka ule ule alipelekwa India kwa matibabu kwa msaada wa serikali, na Tanga tunalikumbuka hilo kwa shukrani. Vilevile, wakati Mzee angali kitandani, aliyekuwa Waziri, Dk. Harrison Mwakyembe, alisikia malalamiko yake juu ya mikataba aliyotiliana saini na watu mbalimbali, na akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Wasanii wengi walipumua. Ninachoomba kuhusu kamati ile ni kifupi: matokeo yake yawekwe mezani, kwa Kiswahili cha kueleweka, ili familia yake na wasanii wengine waone nini kilipatikana na nini kilifanyika baada ya pale.

Lakini hoja yangu kubwa inaanzia nyuma ya mikataba. Haki ya mtu huwezi kuidai kwenye kitu ambacho hakijaandikwa popote. Leo ukiniuliza Mzee Majuto alicheza picha ngapi, sitakujibu. Ukiuliza mtaani utapewa majibu kumi tofauti. Nani alirekodi ipi, mwaka gani, nani anamiliki, nakala mama iko kwa nani, alilipwa kwa mkupuo au kwa mgao: vitu hivi vimesambaa kwenye vichwa vya watu, na vichwa hivyo vinazeeka na kufa kama alivyokufa yeye.

Naijua biashara ile kwa sababu nilikuwa ndani yake, katika ngazi ya chini kabisa. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa kuuza moja kwa moja. Picha inarekodiwa kwa siku chache, mwigizaji anapewa fedha taslimu, anasaini karatasi, na kuanzia hapo kazi ni mali ya aliyelipa. Ikiuzwa nakala 100 au nakala laki moja, mwigizaji hajui na hana pa kuulizia. Na chini yetu sisi ndiyo kabisa. CD halisi nilinunua moja, nyingine nikabani kwenye kompyuta ya rafiki yangu, nikakodisha zote tatu nne kwa wakati mmoja siku za sikukuu. Kila alama ya vema kwenye daftari langu ni shilingi iliyopita mkononi mwangu na haikufika mkononi mwake. Kwa Mungu nimeshatubia. Kwa familia yake bado nina deni, na barua hii ni sehemu ya kulilipa.

Sasa CD zimekufa, kazi imehamia kwenye simu. Mpwa wangu aliyeko Muscat hunitumia vipande vya Majuto karibu kila wiki. Amekatwa dakika tatu tatu, amewekewa jina la chaneli ya mtu mwingine kabisa kwenye kona, na kabla hajafungua mdomo linapita tangazo la biashara. Mzee amelala kaburini, na kila siku yuko kazini. Fedha ya matangazo hayo inakwenda kwa mtu. Kwa nani? Mwenye chaneli ni mnunuzi halali wa picha ile, au ni mtu kama mimi wa zamani, mwenye CD na kompyuta ya rafiki? Bila daftari hakuna anayeweza kujibu, hata COSOTA wakitaka kumsaidia mjane au yatima kesho asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, Waheshimiwa. Fungueni Daftari la Majuto. Orodha moja, ya wazi, ya kila kazi aliyocheza inayoweza kupatikana: jina la kazi, mwaka, aliyeongoza, aliyetoa fedha, mwenye haki kwa sasa, na mahali nakala bora ilipo. Mtu yeyote aweze kuisoma kwenye simu, na mtu yeyote mwenye taarifa aweze kuipeleka.

Hamtaanzia kwenye karatasi tupu. Bodi ya Filamu ipo kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na picha haiingii sokoni kihalali bila kukaguliwa na kupewa daraja, kwa hiyo majalada ya maombi mnayo ninyi. COSOTA wana fomu za kazi zilizosajiliwa. Mamlaka ya Mapato ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kanda na CD mwaka 2013, na stempu inaombwa kwa idadi. Vituo vya televisheni vina stoo zao. Na kwa zile ambazo hazikupita popote, tupo sisi: wenye mabanda, wapiga picha, waliobeba taa, waliopika chakula cha wasanii siku ya kurekodi. Tuulizeni tukiwa hai.

Na msichelewe, kwa sababu vitu vyenyewe vinakufa. Baada ya kulikuta daftari nilitafuta CD zilizobaki, nikapata nne. Moja ilicheza vizuri. Ya pili ilicheza ikagoma katikati, Majuto amesimama mlangoni na kikapu, mkono umeinuka, picha imegawanyika vipande vipande kama vigae. Ya tatu deki iliitema. Ya nne niliponyanyua, ule utando wa kung'aa ukabanduka ukabaki kwenye kidole changu kama ganda la kitunguu. Nikaiinua juani, nikaona mti wa mwembe upande wa pili. Hiyo ndiyo hali ya nakala za mtaani katika joto na unyevu wa Tanga. Nakala mama za miaka ile nyingi zilikuwa kwenye vikanda vidogo vya kamera, ambavyo navyo vinashika ukungu, na hata mashine ya kuvichezea sasa ni ya kutafuta kwa tochi. Zikipona leo zitahamishiwa kwenye hifadhi nzuri. Baada ya miaka michache hakutakuwa na cha kuhamisha.

Niruhusuni niseme na jambo la sheria, ingawa mimi si mwanasheria. Watu wanasema mwigizaji ni mwigizaji tu, aliajiriwa, akalipwa, yakaisha. Kwa vichekesho vya Bongo vya enzi ile hesabu hiyo haikai sawa. Mara nyingi hapakuwa na maneno yaliyoandikwa. Watu walielezwa kisa, wewe ni baba mkwe, huyu kaja kuposa, humtaki, kamera ikawashwa. Maneno yaliyofuata yalitungwa palepale na aliyeyasema. Anayetunga maneno ni mtunzi, hata kama kalamu yake ni ulimi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Filamu kama filamu ina hesabu yake nyingine, najua. Lakini kama ule utunzi wa papo kwa papo ungetambuliwa kuwa utunzi, haki ya Mzee Majuto ingekuwa hai hadi mwisho wa mwaka 2068, na warithi wake wangekuwa na mahali pa kusimama. Ninawaomba COSOTA walitazame hilo kwa makini na watoe mwongozo. Dunia yenyewe imeshaelekea huko: Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012 kuhusu waigizaji wa kazi za picha na sauti, ulioanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, unaitambua haki ya mwigizaji juu ya kazi yake ya kwenye picha, ikiwemo haki ya kutajwa jina. Kutajwa jina tu, Waheshimiwa. Vile vipande anavyonitumia mpwa wangu hata jina lake wanakosea.

Kuhusu bima na matibabu ya wasanii wazee walio hai, wengine wameshaandika vizuri kuliko nitakavyoweza, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo. Itekelezwe. Mimi nabaki kwenye daftari.

Likishakamilika la Majuto, mfungue la Mzee Small, Said Ngamba, aliyetutoka Juni 2014, na la Sharo, na la wale ambao hata miaka ya vifo vyao hatuiandiki popote. Nimemtanguliza Majuto kwa sababu kazi zake ni nyingi mno na zimesambaa mno. Mkiweza yeye, wengine watakuwa wepesi.

Neno la mwisho ni kwa Halmashauri ya Jiji langu. Sitaki sanamu. Sanamu ya mtu mcheshi ni kazi ngumu, mchongaji akikosea mdomo kidogo tu amemharibu. Tunayo makumbusho ya Urithi ndani ya lile boma la zamani la Wajerumani. Watalii wanaonyeshwa habari za mkonge na reli. Tengeni humo chumba kimoja cha Amri Athumani, kiwe na kioo cha kutazamia na viti vya kawaida vya plastiki, na mtoto wa Makorora aingie bure. Na kila mwaka tarehe 8 Agosti, kwa kuwa ni sikukuu na watu hawaendi kazini, usiku wake tutandike shuka jeupe pale viwanja vya Tangamano tumtazame pamoja. Sauti tuifungue mpaka mwisho. Shangazi yangu yuko hai, ana miaka 74, nitamleta mwenyewe kwa bajaji na nitamkalisha mbele.

Daftari langu niko tayari kulitoa. Mkimtuma mtu wa Bodi au wa COSOTA, aulize Ngamiani banda la vocha lililokuwa la CD, wataonyesha. Aje na simu yenye kamera nzuri, apige picha ukurasa mmoja mmoja hapa hapa mezani kwangu, mchana wakati mwanga upo. Asilibebe kwenye begi. Kurasa za mwisho zinaachia, na humo ndimo ilimo Agosti ya mwaka 2018.

Wenu,
Mwenye banda, Ngamiani, Tanga